Ukurasa Nilioushona kwa Uzi Mweusi

Mama yangu hakuwa na nyumba ya bati, hakuwa na mbuzi hata mmoja, na mume alikwisha kufa zamani. Alichokuwa nacho ni jina. Najua mtu wa mbali akisoma hivyo atafikiri naleta mahubiri, lakini hapa Kasongo jina ni kitu unachoweza kwenda nacho dukani. Ukifika bila franga, mwenye duka hakuulizi una nini mfukoni. Anakuuliza, "Weye ni mutoto wa nani?" Ukimtaja mzazi wako, anamtuma mtu kwa mzee mmoja muuza betri pale sokoni, akaulize: "Jina ya mutu huyu iko namna gani?" Jibu likirudi zuri, unabeba mali. Likirudi baya, unabeba aibu yako unarudi nayo nyumbani.

Huyo mzee wa betri hakuna aliyemchagua. Baba yake alitoka katika familia za zamani za wafanyabiashara wa mji, naye alirithi tabia ya kuandika. Ana daftari kubwa, sisi tunaliita kaye, limefunikwa kwa kitambaa cha gunia la mchele. Kila aliyechukua mali kwa ahadi, na kila aliyelipa, yumo humo. Mwenyewe hakopeshi mtu hata kiberiti. Ni mkali, ana chafya zisizoisha, na miwani yake ina mguu mmoja, ule mwingine ni kamba ya kiatu. Sisi watoto wa mji tunaanza kwa jina la mzazi, mpaka siku mtu amechukua kitu kwa jina lake mwenyewe na kukilipa chote. Hapo ndipo ukurasa wake mwenyewe unaaminiwa. Wako watu wana mvi kichwani na bado wanachukua sukari kwa jina la mama zao.

Sasa niseme nilichofanya, maana njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimechoka kuitembea.

Nilikuwa nimerudi kutoka kwenye ndoa na watoto wawili na cherehani moja. Kabla ya Bonane, wakati kila mwanamke anatafuta nguo mpya ya kufungulia mwaka, nilikwenda kwa muuza vitenge wa barabara ya msikiti. Nikamwambia, "Mama amenituma. Anaomba robota moja ya vitenge, atalipa." Mama hakunituma. Mama alikuwa shambani kwake Wamaza, upande wa Kabambare, anapalilia mpunga wake. Yule muuza vitenge akatuma mtu kuuliza kwa mzee wa betri. Jibu lilirudi kabla sijamaliza kufuta jasho: "Mupe." Neno moja tu. Nikatoka na robota kichwani, nikijisifu jinsi nilivyo na akili.

Hesabu yangu ilikuwa nishone, niuze, nilipe, Mama asijue. Lakini watu wa Bonane! "Nishonee tu, dada, nitakuletea kisha sikukuu." Walicheza na nguo zangu mpaka vumbi likapanda, na wengine hadi leo wakiniona wanavuka barabara.

Mama aliporudi mjini, muuza vitenge alikutana naye sokoni. "Mama," akamwambia, "ile robota yako inasema nini?" Mama hakuwa ameiona robota hiyo kwa macho. Nilikuwa nyuma yake na kapu. Akamjibu kwa upole, "Inasema utalipwa." Kisha akaendelea kuchagua nyanya.

Nyumbani nilijitayarisha. Mimi nina mdomo, sikatai, na nilikuwa nimepanga maneno yote ya kujibu matusi. Aka! Hakukuja tusi hata moja. Alikaa akachambua mchele, akatoa mawe, akapepeta, ndipo akasema bila kuinua uso: "Umekula jina yangu." Basi. Mambo mengine yote niliyomwona akiyafanya mwaka ule yalianzia pale, na mimi sikuelewa kitu.

Siku hizo hizo dada yangu mkubwa, yaya wetu, alituma sauti kwa simu. Yaya yuko Amerika. Alipitia kambi ya wakimbizi Tanzania, ndipo wakamchukua na watoto wake. Alikuwa analalamika. Mtu fulani alikuwa ametumia jina lake kule kuchukua simu ya bei kubwa. "Mama," akasema, "huku wanaandika kila mutu. Iko makampuni yenye kuchunga karatasi za madeni ya watu wote. Ukienda kuomba deni, mwenye kutoa anaenda kwanza kuchungulia karatasi yako. Sasa mimi nimefunga yangu. Haulipi kitu. Mutu akijifanya ni mimi, yule mwenye kutoa akienda kuchungulia haoni kitu, anakataa. Nikitaka mimi mwenyewe, nafungua, nikimaliza nafunga tena."

Mama alinirudishia simu mara tatu nimwekee tena. Mara ya tatu alijipiga magotini kwa viganja, akacheka peke yake. "Kumbe na Wazungu wako na muzee wao wa betri!"

Kesho yake asubuhi akaniambia, "Beba sindano na uzi mweusi."

Tulimkuta mzee anapangusa betri kwa shati lake. Mama akamsalimu vizuri, akauliza habari za wake na wajukuu, kisha akasema, "Nimekuja kufunga jina yangu." Mzee akapiga chafya. Akamuuliza kama anaumwa. Mama akamweleza habari ya Amerika yote, karatasi na kuchungulia na kukataa. Mzee alisikiliza huku kinywa wazi. "Mimi, tangu nizaliwe, sijaona mutu wa jina muzuri anaificha," akasema. "Wenye kuficha jina ni wezi."

"Siifichi," Mama akasema. "Naifunga. Mutu akituma kuuliza habari yangu, sema imefungwa. Usiseme nzuri, usiseme mbaya. Hata kama anayeomba ni mutoto wa tumbo yangu."

Hakunitazama. Alifungua kaye akatafuta ukurasa wake mwenyewe, ingawa hajui kusoma. Alikuwa anaujua kwa alama ya mafuta ya mawese kwenye pembe. Akaukunja katikati, akanisogezea. "Shona."

Nilishona. Mimi niliyemaliza kushona magauni ya mji mzima, karatasi moja ilinichukua muda kuliko gauni. Nilipitisha uzi kwa pande tatu, mishono ya karibu karibu, na kila mshono nilijua nafungia nje nani. Mzee alishika ukurasa usichanike huku ananusa ugoro karibu na sikio langu. Nilipokata uzi kwa meno, Mama akapitisha kidole juu ya mishono, akatikisa kichwa kwamba ni kazi nzuri. Akaniambia nitoke nje nikamngojee. Walibaki humo ndani muda mrefu, nikadhani wanakumbuka mambo ya ujana wao.

Jua halijaegemea, mji wote ulikuwa unajua. Watu walicheka. "Mama amefungia jina kama kuku!" Walikuja kujaribu, Mungu wangu, wanadamu ni wachokozi: mtu ananunua kilo ya chumvi kwa jina la Mama apate tu kusikia jibu. Mzee alijibu kila mmoja vile vile, "Imefungwa," na mwenye duka anarudisha chumvi kwenye gunia. Kwenye maduka yale yale yaliyokuwa yanamwita Mama kwa kicheko, sasa alilipa kwanza ndipo apokee, hata sabuni ya kipande. Mimi niliona haya kwa ajili yake. Yeye alitembea na shingo yake vile vile.

Lakini kuna jambo lilitushangaza. Mama mmoja wa Nyangwe, anayeleta samaki wakavu kutoka mtoni, aliendelea kumwachia Mama fungu la samaki kila wiki. Hakuuliza mtu. Walikuwa wanapeana tangu mimi sijazaliwa, ya nini amtume mtu kwa mzee wa betri? Tena wachuuzi wa kupita wakaendelea kuja mpaka barazani: "Mama, tumekusikia, chukua ndoo hizi, utalipa." Mama akakasirika. Alidhani mshono wangu umefumuka. Akanituma nikauangalie, nikaukuta mzima.

Tukamtumia yaya sauti. Yaya akacheka huko aliko. "Hata huku ni vile, Mama. Wale muko nao kwenye deni tangu zamani, wao bado wanaona karatasi yako. Kufunga kunazuia wapya tu, wenye kuja kuchungulia kwa sababu mutu ameomba. Na barua za kusema 'tumekwisha kukukubali, kuja uchukue' ziliendelea kunijia kila siku, hata nilikuwa nimefunga! Hizo sikuomba mimi. Zinatumwa zenyewe. Ilibidi niende kusema pembeni, kwa njia yake nyingine, kwamba sizitaki."

"Basi nimefunga mulango," Mama akasema, "dirisha iko wazi." Alivaa kitenge chake cha kanisa akazunguka kwa wachuuzi aliowajua, mmoja mmoja, kuwaambia wasimletee vitu asivyoomba. Lakini utamwambiaje mtu ambaye hujamwona?

Deni la robota alililipa. Hilo nililijua, macho ninayo. Mavuno yalipokwisha, mchele ulianza kutoka Wamaza kwa baisikeli, magunia yamefungwa kwa kamba, na ulipofika mjini haukupita nyumbani. Ulikwenda moja kwa moja kwa muuza vitenge, kisha Mama anapitia kwa mzee wa betri. Mwezi baada ya mwezi. Tulikula bukari, ugali wetu wa kila siku, na sombe ya majani ya muhogo, mchele tukauona unapita tu. Sikusema pole, sikusema asante. Nilikuwa naona aibu, na aibu yangu mimi inatokea kama hasira. Nilikuwa nagombana na watoto, na cherehani, na mvua.

Ikafika mwezi wa nane. Mkuu wa shule moja ya kanisa, mwanamke mkali lakini wa haki, akaniita. Alitaka inifomu za shule nzima, bluu na nyeupe, kabla ya masomo kufunguliwa. Kazi kama hiyo sikuwahi kupata. Ingenipa kibanda changu, karo ya watoto, na kuniondoa mgongoni kwa Mama. Lakini shule italipa nguo zikishavaliwa, na kitambaa nitafute mimi. "Jumamosi unionyeshe kitambaa," akasema. "La sivyo nampa fundi mwingine."

Nilizunguka. Duka la kwanza: "Weye ni mutoto wa nani?" Nikamtaja Mama. "Aa, ile jina imefungwa." Duka la pili, hivyo hivyo. Kwa muuza vitenge wa barabara ya msikiti hata sikuthubutu. Hakuna aliyeniuliza jina langu mwenyewe, na mimi sikulitoa. Ningelitoa ili iweje? Kama mzee ameandika lolote juu yangu, nilijua ni neno gani. Mama alikuwa Wamaza anafyeka shamba jipya. Ilikuwa Alhamisi.

Alhamisi hiyo lori liliingia kutoka upande wa Kalemie, na mwenye mali alikuwa na vitambaa vya shule, bluu na nyeupe, robota juu ya robota. Mwanaume wa kicheko kikubwa, kofia imemkalia upande. Sijui nani alimwambia ninapokaa. Alifika barazani akiwa na karatasi mkononi.

"Weye ni binti ya ule mama wa mupunga? Jina yake nimeisikia tangu Kabambare. Mimi siulizi mutu. Nimekwisha kumukubali." Akanionyesha. Jina la Mama lilikuwa limeandikwa tayari, na chini yake mstari mtupu. "Weka sahihi kwa niaba yake, watoto wangu washushe mali."

Mishono yangu yote haikumzuia mtu huyu, kwa sababu hakupita mlangoni. Hakuna ambaye angetumwa kwa mzee. Mama asingejua mpaka inifomu zimelipwa, na safari hii hakika zingelipwa, shule si watu wa Bonane. Nilipokea kalamu. Niseme kweli, niliigusisha kwenye karatasi, kuna nukta ilibaki pale. Nikaona mkono wangu. Ule ule ulioshona.

Hasira ikanipanda, sijui kwa nani. "Toa hiyo jina!" nikamwambia kwa sauti, majirani wakageuka. "Hiyo jina si yangu, na mwenyewe ameifunga! Andika jina yangu mimi, ao rudisha vitambaa vyako kwenye lori!"

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Mama, jina yako mimi naijua wapi?"

"Basi nenda kaulize!" Nikasema hivyo na hapo hapo nikajua nimejikata.

Alikwenda kweli. Nikamfuata, kwa sababu kama ni kuitwa mwizi nilitaka nisikie kwa masikio yangu, nisije nikaletewa na majirani. Mzee alikuwa anasikiliza redio. Mwenye lori akataja jina langu, akauliza kama wote wanavyouliza: iko namna gani? Mzee akazima redio. Akalowesha kidole, akafungua kaye, akafika kwenye ukurasa wa Mama, umekunjwa, uzi wangu mweusi umeshika. Akaugeuza. Ukurasa uliofuata ulikuwa na jina langu.

"Robota moja ya vitenge," akasoma. "Alichukua mbele ya Bonane. Amelipa mara sita. Hakuchelewa hata siku moja. Amemaliza."

Nilifikiri amekosea mstari. "Hapana, muzee, ile robota..."

"Nyamaza!" Akapiga chafya juu ya kaye. "Unataka kunifundisha kusoma kaye yangu?"

Mwenye lori akaridhika, akatoka kuita vijana wake washushe mali. Mimi nilibaki nimesimama. Mzee akavua miwani, akaipangusa, na kwa mara ya kwanza akaniangalia kama mtu.

"Siku ile ulikuwa inje," akasema. "Mama yako aliniambia nifungue ukurasa mupya. Akasema, hii robota haikuwa yangu, andika kwa mwenye kuichukua. Nikamuuliza, na malipo? Akasema, na malipo andika kwake. Nikamwambia hajalipa kitu. Akasema atalipa, ni mutoto wangu, mukono wake na wangu ni mumoja. Kila mara mchele ukifika alikuja hapa. Hajui kusoma, lakini alinishika kidole anasema, nionyeshe pale jina ya mutoto wangu iko. Nikamuonyesha. Anaweka kidole, anaangalia, ndipo anaenda."

Mama yangu! Nilikaa chini pale pale katikati ya betri na tochi, nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Miezi yote ile nilidhani amefunga jina ili anifungie mimi nje. Na miezi yote ile alikuwa anabeba magunia, kutoka Wamaza, anajenga jina langu kwa kosa langu, gunia juu ya gunia, na hakusema neno. Alikuwa ananingoja nitaje jina langu mwenyewe. Mzee hakunibembeleza. Aliwasha redio yake tena, akaniambia nikikaa pale wateja hawapiti.

Nilishona inifomu zote, mkuu wa shule akalipa, nikamlipa mwenye lori aliporudi kuchukua mzigo wake wa mchele. Nikapanda piki mpaka Wamaza. Njia ile wakati wa ukame ni vumbi tupu. Nilifika nimekuwa mwekundu kama tofali. Mama alikuwa shambani peke yake, anang'oa visiki vya moto wa juzi. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nilipoiona miguu yake, visigino vimepasuka, yote yakapotea. Mimi mwenye mdomo.

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Kitambaa ulipata?"

"Nilipata, Mama."

"Umelipa?"

"Nimelipa. Nimemaliza."

Akaegemea jembe lake. "Kwa jina ya nani?"

Alikuwa anajua. Uso wake wote ulikuwa unajua. Nikasema, "Yangu," na nikapiga magoti kwenye majivu, nikamshika miguu, nikasema neno nililolikalia tangu Bonane, nisamehe.

"Eeh," akasema. Akanishika bega nisimame, akaniwekea jembe mkononi. "Chukua hapa. Mvua iko karibu."